Kulea Mimea ya Kikuba Nyumbani

Watu wengi wanaonunua mche wa asumini kitaluni huufikisha nyumbani na kuuweka kivulini. Wanauona bado mchanga, majani yake laini, wanauonea huruma. Huumwagia maji asubuhi na jioni, huurundikia samadi mpaka shina linazama, na baada ya miezi sita wana kichaka kizuri cha kijani ambacho hakijatoa ua hata moja. Hapo husema waliuziwa mche mbaya. Mche hauna kosa. Mimea inayonukia huishi kwa jua na kwa kukatwa, na anayeidekeza huvuna majani.

Mwongozo huu unahusu mimea ambayo watu wa pwani yetu wameitia tangu zamani kwenye kikuba, kile kishada cha maua na majani yanayonukia kinachovaliwa kifuani: asumini, mrehani, kilua, langilangi na mkadi. Nimeichagua kwa makusudi. Vitalu vya mijini vimejaa maua ya kupendeza macho ambayo ukiyakaribia pua hupati kitu, na si vigumu siku hizi kumkuta bibi harusi amevaa kikuba asijue kilichomo ndani yake. Mimea hii ni ya kwetu kwa matumizi hata pale ambapo asili yake ni Asia. Inalijua joto letu, na mingi yake inaweza kukaa kwenye ndoo kibarazani.

Tazama jua kabla hujanunua

Kaa nyumbani siku moja uangalie jua linapopita. Mwasumini unataka saa sita za jua kamili kwa siku, mrehani saa nne hadi sita. Mwenye uwanja hana shida. Anayekaa ghorofani Kariakoo, Mombasa au Mji Mkongwe inambidi ajue kibaraza chake kinatazama wapi, na hapo wengi hupotea kwa kufuata vitabu vya Ulaya vinavyosema dirisha bora ni la kusini. Sisi tuko kusini kidogo ya ikweta. Kwa mtu wa Dar es Salaam, jua la adhuhuri huwa upande wa kaskazini kuanzia mwanzoni mwa Machi hadi karibu katikati ya Oktoba, kisha huhamia upande wa kusini kwa miezi iliyobaki. Kwa hiyo kibaraza kinachotazama kaskazini hupata jua msimu wa kusi, na kinachotazama kusini hulipata msimu wa kaskazi. Chungu kinachobebeka kihamishe mara mbili kwa mwaka, basi tatizo limekwisha.

Kibaraza cha mashariki au magharibi hupata nusu siku ya jua mwaka mzima. Mimi nikiwa na hiari nachagua mashariki: jua la asubuhi huwahi kukausha umande juu ya majani, na ukungu hukosa pa kuanzia.

Udongo, na chumvi

Unguja, Mombasa na sehemu nyingi za mwambao zimekaa juu ya mawe ya matumbawe. Udongo wa juu ya mawe hayo una chokaa nyingi, na chokaa hufunga madini ya chuma: yamo ardhini, lakini mizizi haiwezi kuyanyonya. Mwasumini ni mwepesi wa kuonyesha shida hii. Majani machanga ya nchani hugeuka manjano huku mishipa yake ikibaki kijani, mpaka unaweza kuuhesabu mshipa mmoja mmoja kwa mbali. Ukiona hivyo, usiongeze maji wala usitie majivu au maganda ya mayai, maana hivyo vyote viwili huzidisha hali ileile ya chokaa. Tafuta mbolea ya maji yenye madini ya chuma katika duka la pembejeo, halafu mwaka unaofuata uhamishie mmea kwenye chungu chenye udongo uliouchanganya mwenyewe. Yakiwa manjano ni majani makubwa ya chini, na yamegeuka yote pamoja na mishipa yake, hilo ni jambo jingine: ama mmea una njaa, ama mizizi imekaa majini.

Mchanganyiko ninaouamini ni ndoo mbili za udongo wa shambani, ndoo moja ya mboji au samadi iliyooza mpaka ikaacha kunuka, na ndoo moja ya mchanga wa mto. Mchanga wa pwani uache ulipo. Una chumvi, na ule weupe wake mwingi ni vipande vya makombe na matumbawe, yaani chokaa ileile unayoikimbia.

Makumbi ya nazi yaliyochambuliwa au kusagwa yanaweza kushika nafasi ya sehemu ya mboji, kwa kuwa hutunza unyevu bila kuugeuza udongo kuwa tope. Lakini uliza yametoka wapi. Makumbi yaliyofukiwa ufukweni ili yalainike na kutolewa usumba wa kusokotea kamba yamekunywa maji ya bahari kwa miezi. Yaloweke kwenye maji ya mvua au ya bomba, uyakamue, umwage maji, urudie mpaka maji unayokamua yawe hayana ladha ya chumvi ulimini.

Ulimi huohuo uutumie kwa maji ya kisima. Visima vingi vya karibu na bahari vina maji ya chumvichumvi, na mmea wa kwenye chungu huteseka zaidi ya ule wa ardhini kwa sababu chumvi inayoachwa na kila umwagiliaji haina pa kwenda. Dalili yake ni kingo za majani kuungua na kuwa kahawia kuanzia nchani. Mara moja kwa mwezi umwagie chungu maji mengi polepole, mara mbili ya ujazo wake, mpaka yatiririke kwa chini na kuikokota chumvi. Wakati wa masika kinga maji ya mvua kwenye mapipa yenye vifuniko. Hakuna maji ambayo mimea hii huyapenda zaidi.

Kuhusu chombo, ndoo ya rangi ya lita 20 iliyosuguliwa vizuri inatosha kabisa. Itoboe matundu sita au manane chini, kila tundu upana wa kidole, na uiweke juu ya matofali mawili ili maji yatoke. Chungu cha udongo kinapumua vizuri zaidi lakini hukauka haraka. Ukikitumia, jizoeshe kukikagua kila siku msimu wa kaskazi.

Mwasumini

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu mwenye kuumudu mwasumini hashindwi na mengine.

Zipo aina za maua ya petali za safu moja, na zipo za petali zilizojaana. Ile ya safu moja hutambaa, hukua haraka na kuchanua kwa wingi. Iliyojaana, ambayo ua lake huonekana kama waridi dogo jeupe, hukua kwa taratibu na matawi yake husimama magumu. Kwa anayeanza nashauri ya safu moja. Zote ni mmea mmoja, *Jasminum sambac*. Hakikisha ndio unaouziwa, maana kuna vichaka vingine vyenye maua meupe vinavyoitwa asumini sokoni. Majani ya mwasumini wa kweli ni ya duara iliyochongoka, yanang'aa, na hukaa mawilimawili yakitazamana kwenye tawi, kila jani likiwa zima lisilogawanyika.

Hakuna haja ya kununua. Omba vipandikizi wakati wa masika, hewa inapokuwa na unyevu. Chagua tawi la mwaka huu lililoanza kukomaa: rangi yake imeanza kutoka kwenye kijani kibichi kuelekea hudhurungi, na ukilipinda linajikunja bila kuvunjika. Kata urefu wa sentimita 10 hadi 15, chini kidogo ya kifundo, kwa kisu kikali au mkasi uliopanguswa kwa spiriti. Toa majani ya chini yote, na yale mawili ya juu uyakate nusu ili yasipoteze maji. Chomeka kwenye kiriba chenye mchanga na mboji nusu kwa nusu, vifundo viwili vikiwa ndani ya udongo. Kisha chukua chupa ya maji ya plastiki, ikate kitako, uifunike juu ya kipandikizi na uweke kiriba kivulini. Hapa ndipo kivuli kina kazi. Baada ya wiki mbili fungua kizibo cha chupa. Wiki ya nne hadi ya sita vuta kidogo kwa vidole. Kikikataa kutoka, kimeshika mizizi.

Ipo njia nyingine isiyoshindwa kirahisi kwa aliye na mmea mkubwa tayari. Lilaze chini tawi refu la pembeni, likwangue ganda kidogo pale litakapogusa ardhi, lifukie sentimita tano, weka jiwe juu yake na uiache ncha nje. Tawi litaendelea kunyonywa na mama yake huku likitoa mizizi yake lenyewe. Miezi miwili au mitatu baadaye likate na ulihamishe.

Mche ulioshika uanze kwenye chombo kidogo, lita tatu au nne. Mmea uliowekwa kwenye chungu kikubwa mno hutumia mwaka mzima kujaza mizizi, na udongo ambao mizizi haijaufikia hubaki na maji na kuchacha. Mwagilia pale udongo wa juu unapokuwa mkavu mpaka kwenye pingili ya kwanza ya kidole, usiende kwa saa. Wakati wa kaskazi hiyo inaweza kuwa kila siku; wakati wa mvua unaweza kupitisha wiki nzima bila kugusa kopo. Mbolea iwe ya kiasi: kiganja cha samadi iliyooza kila baada ya miezi miwili, au NPK ya maua iliyoyeyushwa kwa nusu ya kipimo kilichoandikwa. Usitie urea. Urea huleta majani, nawe unataka maua.

Na sasa mkasi. Mwasumini huchanua kwenye ncha za machipukizi mapya. Tawi la zamani ambalo halikukatwa hurefuka likitafuta mwanga na kutoa maua machache nchani kabisa, usipoyafikia. Kwa hiyo kila wimbi la maua linapokwisha, punguza matawi yote kwa theluthi moja, ukikata juu ya kifundo chenye majani mawili mazima. Katika kila kifundo hicho yatatoka machipukizi mawili, na kila chipukizi litabeba kishada chake, mara nyingi matumba matatu, la katikati likitangulia kufunguka. Wakulima wa Tamil Nadu, kusini mwa India, wanaoilima asumini hii kwa biashara, huikata mwishoni mwa Novemba mpaka ibaki kama nusu mita kutoka ardhini. Sitaki ufanye ukali huo kwenye chungu. Nataka tu uone kwamba watu wanaoishi kwa maua haya hawauogopi mkasi.

Mmea ukigoma kabisa, punguza maji kwa siku kumi hivi mpaka majani yaanze kulegea kidogo adhuhuri, kisha upogoe, utie mbolea kidogo na umwagilie kikamilifu. Kwenye mmea wenye afya na jua la kutosha, matumba huonekana ndani ya wiki chache. Miezi ya baridi ya Juni hadi Agosti usiulazimishe; uache upumzike.

Mrehani

Mbegu za mrehani ni ndogo na hutaka mwanga. Zinyunyize juu ya udongo uliolowa, zifunike kwa vumbi jembamba tu la mboji, na katika siku tano hadi kumi zitakuwa zimeota. Mche ukifika majani sita, ukate kichwa. Ni hatua ambayo watu huifanya kwa kusitasita, lakini mrehani usiokatwa kichwa hupanda juu kwa bua moja, hutoa maua, hukomaza mbegu na kufa, yote hayo ndani ya miezi michache. Uliokatwa hupanuka. Endelea kuvuna vitawi kila wiki, na shuke la maua likijitokeza lichume siku hiyohiyo, isipokuwa kwenye shina moja ambalo umeliacha kwa ajili ya mbegu.

Umwagilie shinani. Majani yaliyolala na maji huota mabaka meusi. Na kwa kuwa hata mrehani uliotunzwa vizuri huchakaa na kuwa mti mgumu, otesha mingine kila baada ya miezi mitatu ili usikose.

Mkilua na mlangilangi

Mimea hii miwili ni ndugu, na ndugu zao wengine unao pengine uani: mstafeli na mtopetope. Ukiijua tabia ya mmoja wao umepata mwanga juu ya wote. Mbegu zao zipandwe zingali mbichi, na mizizi yao haipendi kuvurugwa, kwa hiyo otesha kwenye kiriba kirefu na uhamishe mche mara moja tu, ukiwa na tonge lake zima la udongo.

Mkilua ni wa kwetu hasa. Ni kichaka cha misitu ya pwani ya Kenya na Tanzania, na mtaalamu wa mimea Bernard Verdcourt alipouandika katika orodha za kisayansi aliuita *Mkilua fragrans*, akilichukua jina ambalo watu wa pwani walikuwa wakilitumia. Kwa kuwa kwao ni chini ya miti mikubwa, ndio pekee katika orodha yetu ninaokushauri kuuweka kwenye kivuli cha nusu siku: nyuma ya nyumba, chini ya mwembe, kwenye uchochoro unaopata jua la asubuhi tu. Utandazie majani makavu shinani, unene wa kiganja, uyaache yaoze hapohapo. Hukua polepole. Anayetaka kuona ua mwaka huu asipande mkilua. Anayekusudia kuishi katika nyumba yake aupande leo. Usiende kuung'oa msituni. Misitu iliyobaki ya mwambao ni vipande vidogo, na mche uliong'olewa hivyo mara nyingi hufa kabla ya wiki kwisha. Omba mbegu kwa mwenye mti, au uulize kwenye vitalu vya miti ya asili.

Mlangilangi ni mti, na ukiachwa utalipita paa la nyumba. Upande mita nne au tano kutoka ukutani, mahali palipokingwa na upepo wa kusi, kwa sababu matawi yake ni mepesi kuvunjika. Unaweza kuanza kuchanua ukiwa na miaka mitatu hivi. Visiwa vya Komoro, ambako mafuta ya langilangi ni miongoni mwa mazao makuu ya kuuza nje, wakulima huukata mti kichwa ukiwa na urefu wa mita mbili na kuyavuta matawi yake chini, ili mchumaji afikie maua akiwa amesimama ardhini. Fanya vivyo hivyo nyumbani. Mlangilangi mrefu humnukisha jirani wa ghorofa ya tatu, nawe uliyeupanda ukabaki kuokota maua yaliyonyauka.

Ua la langilangi lina petali sita ndefu zinazoning'inia na kujipinda. Linapofunguka ni la kijani na halina harufu ya maana. Wengi hulichuma hapo na kuvunjika moyo. Lisubiri. Huchukua wiki mbili au zaidi kugeuka manjano kamili, na likishaonyesha wekundu kidogo katikati, kwenye vitako vya petali, ndipo linapokuwa tayari. Lichume alfajiri, kabla jua halijapanda. Kwa asiye na uwanja ipo aina fupi ya mlangilangi, kichaka cha mita moja au mbili, kinachoweza kuishi kwenye pipa lililokatwa nusu na kuchanua kingali kifupi.

Mkadi na mchaichai

Mkadi una miiba kwenye kingo za majani yake, hutanuka, na ni shuke la maua dume tu linalonukia. Bila shamba au uwanja mkubwa, nunua kadi sokoni. Mwenye nafasi achukue chipukizi la pembeni kutoka kwenye mti ambao amehakikisha unatoa mashuke yenye harufu.

Mchaichai haumo kwenye kikuba, lakini sioni bustani ya harufu bila huo. Pasua fungu lake, kila shina libaki na mizizi kidogo, lifukie sentimita tano na ulisahau. Ukikata majani vaa mikono mirefu, kingo zake hukwaruza.

Wadudu

Geuza jani kabla ya kulikagua. Karibu maadui wote wa mwasumini hukaa upande wa chini. Vidung'ata hujificha kwenye makutano ya jani na tawi wakiwa wamejifunika unga mweupe. Inzi weupe huruka kwa pamoja ukitikisa tawi. Utitiri mwekundu ni mdogo mno kuonekana vizuri, ila huacha vitone vya manjano kwenye majani na utando mwembamba, na huzidi wakati wa kiangazi kwenye vibaraza vyenye vumbi. Ukiona majani yamepakwa weusi wa masizi na sisimizi wanapanda na kushuka shinani, ujue juu kuna wadudu wanaotoa utamu. Masizi ni ukungu ulioota juu ya utamu huo, na sisimizi ni walinzi wao.

Anza na maji. Mpira wenye nguvu ukielekezwa chini ya majani asubuhi mbili au tatu mfululizo huwamaliza wengi. Waliobaki wanyunyizie kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji isiyo na rangi wala manukato makali katika lita moja ya maji, pamoja na kiasi hichohicho cha mafuta ya mwarobaini kama unayo. Nyunyizia jioni, usifanye hivyo jua likiwa kali, na ujaribu kwanza kwenye tawi moja. Dawa kali za dukani sizitaki kwenye mimea hii kabisa. Maua haya yanavaliwa kifuani, yanachomekwa kwenye nywele, yanatandazwa kitandani. Kilichopuliziwa juu yake kitagusa ngozi ya mtu unayempenda.

Wapo wanaokataa mlangilangi au mwasumini uwanjani kwa kuhofia nyoka. Nyoka havutwi na ua. Hufuata panya na vyura, na hao hukaa kwenye majani yaliyorundikana na vichaka visivyofyekwa. Fyeka chini ya mti, pita na taa usiku, inatosha. Tandazo la mkilua nalo lisisogee hadi mlangoni.

Mbu ni suala zito zaidi. Watu hupanda mchaichai au kivumbasi dirishani wakitumaini utawafukuza, lakini mmea uliotulia kwenye chungu chake hauachii mafuta ya kutosha. Majani lazima yafikichwe au yafukizwe. Na bustani yenyewe inaweza kuwazalisha. Mbu wanaoeneza homa ya dengue, iliyoisumbua Dar es Salaam mwaka 2014 na tena 2019, hutaga kwenye maji machache yaliyotuama, na kisahani cha chini ya chungu kinawatosha kabisa. Yai hufika kuwa mbu katika muda wa kama wiki moja au siku kumi. Mwaga visahani vyote mara mbili kwa wiki na uvisugue kwa ndani, kwa sababu mayai hushika kwenye kuta za chombo. Bora zaidi, viondoe kabisa na utumie matofali.

Kuvuna, na kufunga kikuba

Asumini huvunwa ikiwa tumba. Baada ya Alasiri angalia kishada: tumba la kesho bado ni fupi na lina ukijani, na la leo limejaa, limekuwa jeupe la maziwa, ncha yake imenenepa lakini haijaachana. Hilo ndilo. Likunje kidogo kwa ukucha pale linapoungana na kikonyo, litakatika lenyewe. Uliweke ndani ya kipande cha jani la mgomba kilicholoweshwa au kitambaa chenye unyevu, mbali na jua. Magharibi ikiingia yataanza kufunguka mikononi mwako, na harufu itazidi kadiri usiku unavyokwenda. Ua lililochumwa asubuhi likiwa wazi limeshatoa harufu yake usiku uliopita. Wafilipino, ambao asumini hii ni ua lao la taifa tangu 1934, nao hutunga makoja yao kwa matumba.

Kwa koja, pitisha sindano nyembamba katikati ya mrija wa tumba, kuanzia kwenye kikonyo kwenda juu, au kwa ubavuni ukitaka matumba yakae yakitazama nje. Kwa kikuba, tandaza kwanza vitawi vya mrehani, juu yake weka vilua, vipande vya kadi vilivyochanwa na petali za langilangi, zungushia matumba ya asumini yaliyotungwa, na ukaze kwa uzi. Kila mji una mkono wake wa kufunga na kila fundi na siri yake, kwa hiyo keti na mtu mzima anayejua umtazame. Mrehani usiuache: majani yake hudumu baada ya asumini kunyauka, na ndiyo yanayokibeba kikuba mpaka asubuhi.

Kuvuna huku ndiko kupogoa kwa kila siku. Maua yaliyoachwa mtini huzuia yanayofuata.

Kwa walio mbali na pwani

Nairobi na Arusha mwasumini huishi, ila baridi ya katikati ya mwaka huusimamisha. Uweke ukutani upande unaopata jua la mchana, maana ukuta hutunza joto mpaka usiku. Maskati tatizo hugeuka: kiangazi kinapopita nyuzi 40, upe kivuli cha mchana na umwagilie alfajiri, kwani maji yanayomwagwa kwenye chungu kilichokwishapata moto huunguza mizizi. London au Toronto kaa nao ndani kipindi chote cha baridi, kwenye dirisha la kusini, kwa kuwa huko vile vitabu vya Ulaya vinasema kweli. Uweke mbali na kipasha joto, punguza maji, uache mbolea, na uutoe nje pale ambapo usiku haushuki tena chini ya nyuzi 12. Mrehani huko ni wa kupanda upya kila majira ya joto.

Ukienda kuomba kipandikizi kwa jirani, nenda asubuhi mapema, tawi likiwa limejaa maji. Chukua kitambaa kilicholowa na mfuko wa plastiki wa kukifungia, na mkasi wako mwenyewe uliopanguswa, ili usimwachie ugonjwa kwenye mti wake. Omba vipandikizi vitano hata kama unataka mmea mmoja, kwa kuwa si vyote vitakavyoshika. Vikishika vyote, kimoja kirudishe kwake kikiwa kwenye kiriba. Mti wa zamani ukifa kwa kiangazi au kwa ujenzi wa jirani, mbegu ile itakuwa haijapotea mtaani.